Faili Liko Posta, Mimi Niko Kibamba

Uongozi wetu ulipotoa waraka kwamba kuanzia sasa kila mtumishi anaweza kuyafikia mafaili ya kompyuta yake ya ofisini akiwa popote alipo, kwa kutumia kompyuta mpakato, nilitambua mara moja kwamba aliyeuandika anaishi Oysterbay, katika nyumba yenye jenereta. Hata hivyo, waraka uliposomwa kikaoni nilipiga makofi kuliko wote, kwa sababu mimi ninakaa Kibamba na ofisi iko Posta, na anayeijua Barabara ya Morogoro wakati wa masika hahitaji maelezo zaidi. Mvua ikinyesha usiku kucha, bonde la Msimbazi hujaa, njia ya Jangwani hufungwa, mwendokasi husitisha safari za kuelekea mjini, na mhasibu wa umri wangu hujikuta Magomeni amekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi, akibishana bei na bodaboda anayejua fika kwamba mteja wake hana ujanja.

Kompyuta mpakato tulizipokea kwa kusaini fomu ya nakala tatu, tukaelezwa kwamba ikipotea tutakatwa mshahara, tukapigwa picha. Yangu ni nzito kiasi cha kunifanya niamini kwamba faili limo humo ndani. Halimo. Kijana wa TEHAMA, ambaye ni mpole mno na ndiyo maana nimeshindwa kumchukia, alinieleza kwamba faili halitoki ofisini. Linabaki palepale Posta, linafunguliwa katika kompyuta yangu ileile, juu ya meza yangu ileile, na kinachokuja Kibamba ni picha ya kioo chake tu. Nikibonyeza herufi huku, ule mbonyezo ndio unaosafiri hadi kule, kompyuta ya kule inaandika, kisha picha ya nilichokiandika inarudishwa nyumbani ili nijionee mwenyewe. Miaka yote hii ya utumishi, leo nimekuwa mtazamaji wa kazi yangu.

Hata huko kutazama hakukuanza siku ileile. Kumbe Windows ya toleo la Home huweza kwenda kugonga hodi kwenye kompyuta za wenzake, lakini yenyewe haipokei mgeni. Linalopokea ni toleo la Pro. Kompyuta zetu za ofisini zilinunuliwa kwa zabuni ya bei nafuu, zikaja na toleo lisilopokea wageni, kwa hiyo waraka wa kutuambia tufanyie kazi nyumbani ulitangulia, na fedha za leseni za kutuwezesha kufanya hivyo zikafuata baadaye sana, zilipokumbukwa katika bajeti. Kipindi chote hicho katikati tulihesabiwa kuwa tunafanya kazi kwa njia ya kisasa.

Leseni zilipokuja, ukaja mlolongo wa milango. Kabla ya kuifikia kompyuta yangu ni lazima kwanza niwashe VPN, yaani njia ya faragha ya kuingilia mtandao wa ofisi, ambayo kijana huiita handaki, na nikithubutu kuuliza kwa nini nisiende moja kwa moja, hunisimulia habari za mlango namba 3389, ambao ndio mlango wa kawaida wa kuingilia kompyuta kutoka mbali na unaojulikana na wezi wa mtandaoni dunia nzima. Huniambia kwamba mwezi Mei 2019 liligunduliwa tundu katika huduma hiyo, likapewa jina la BlueKeep, na lilikuwa la hatari kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba, hata kwa Windows XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia tangu 2014. Ni hadithi nzuri na inatisha ipasavyo. Ninaipenda. Ila ninaelezwa kila ninapopiga simu, na mimi huwa nimepiga simu kwa sababu handaki limegoma kufunguka.

Baada ya nywila ya kompyuta mpakato inakuja nywila ya handaki, ambayo haitakiwi kufanana na ile ya kwanza, wala na yoyote niliyowahi kuitumia, na inayotakiwa kuwa na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama ambayo kwenye kibodi yangu imefutika. Kisha huja namba ya uthibitisho. Namba hiyo ina tarakimu sita, inakaa kwenye simu, na hubadilika kila baada ya sekunde 30. Simu, kwa kawaida, iko mikononi mwa kitindamimba wangu, ambaye yuko katikati ya mchezo na hawezi kuuacha kabla hajashinda. Nikishainyang'anya, ninaishika kwa mkono wa kushoto, ninatafuta miwani ya kusomea kwa mkono wa kulia, ninaivaa, ninasoma tarakimu tatu za kwanza, ninavua miwani ili niione kibodi, ninaziandika, ninavaa tena miwani ili nisome tatu zilizobaki, na hapo ndipo ninapokuta kwamba zilizobaki si za namba ile. Aliyebuni sekunde 30 alikuwa na macho ya miaka ishirini.

Tuseme nimeingia. Kioo changu cha Posta kinajitokeza Kibamba, kwanza chote cheusi, halafu vipande vipande kuanzia juu, na kuna raha fulani, sikatai, ya kuiona picha ya ukutani ya kompyuta yangu nikiwa nimevaa kikoi. Raha hiyo huisha nikikigusa kipanya. Mimi nasogeza, mshale umesimama. Nasogeza zaidi, umesimama. Nikikata tamaa na kukiachia, mshale unaondoka kwa kasi na kupitia kila mahali nilikopita, kisha unabonyeza kile nilichokibonyeza kabla sijakata tamaa. Kupanua safu moja ya jedwali ili tarakimu za mamilioni zionekane, kazi ambayo ofisini huifanya huku nikiongea na mtu, nyumbani huifanya nimebana pumzi. Mara safu ni nyembamba na jedwali zima limejaa alama za reli (####), mara imekuwa pana hadi imezisukuma nyingine zote nje ya kioo. Wakati huo bando linakwenda, na mtandao una ukarimu wa kunitumia ujumbe kunijulisha kwamba nimetumia asilimia 75 ya kifurushi changu, taarifa ambayo hufika haraka kuliko mshale.

Siku mtandao ukiwa mzito namna hiyo, kijana hunishauri nipite njia ya pili, yaani nisiitazame kompyuta ya ofisini bali nilifungue faili lenyewe kutoka kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi inayotunza mafaili, kupitia folda ya pamoja. Ushauri huo ndio uliozaa mazungumzo ambayo bado yananisumbua usiku. Nilibonyeza faili la malipo ya mwezi, nikasubiri, ukatokea ujumbe wa adabu kabisa ukisema kwamba faili hili limefungwa kwa sababu linahaririwa na mtu mwingine, na chini yake limeandikwa jina la huyo mtu mwingine. Lilikuwa jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu.

Nikampigia kijana. Akasema, "Mzee, hilo faili unalo wewe."

"Sinalo, ndiyo maana nimekupigia."

"Unalo, mzee. Liko wazi kwenye kompyuta yako ya Posta tangu jana."

"Mimi niko Kibamba."

"Ni kweli, mzee, lakini kwa mujibu wa seva uko Posta vilevile, na wa Posta ndiye aliyetangulia."

Nikamkumbusha kwamba mwongozo alioutoa yeye mwenyewe ndio uliotuagiza tusizime kompyuta zetu tunapoondoka, na kwamba katika enzi za madaftari niliwahi kuacha leja wazi mezani wiki nzima na hakuna leja iliyowahi kunikatalia kwa maelezo kwamba ninaisoma. Akakubali kwamba hoja ni nzito. Akanishauri niombe nakala ya kusoma tu. Nikaipata, nikaisoma, na nikaona makosa ambayo sikuruhusiwa kuyasahihisha kwa sababu mimi nilikuwa bado ninalitumia faili.

Hayo yote, msomaji, ni pale kompyuta ya Posta inapokuwa imewashwa. Agizo la kutozima ni la waraka mmoja. Upo waraka mwingine, wa idara ya utawala, wa kupunguza gharama za umeme, unaomtaka mlinzi apite kila saa kumi na mbili jioni na kuzima swichi zote ukutani. Mlinzi wetu ni mtu wa kufuata maagizo. Ipo pia asubuhi ya mama wa usafi, ambaye huchomoa plagi moja ya ekstensheni ili apate pa kuchomeka birika la chai, na sijawahi kusikia kwamba amechomoa ya mashine ya kopi. Kisha kuna umeme wenyewe, ambao hukatika na kurudi kwa ratiba yake. Nimeelezwa kwamba ndani ya kompyuta kuna mpangilio wa kuiamuru ijiwashe yenyewe umeme unaporudi, na kwamba kompyuta iliyolala inaweza kutumiwa ujumbe wa kuiamsha mradi tu ina umeme. Kwenye kompyuta yangu mipangilio hiyo haijawekwa, kwa sababu kuiweka kunahitaji mtu awe amekaa mbele yake, na kijana wa TEHAMA siku hizi anafanyia kazi nyumbani kwake, Mbagala.

Kwa hiyo, baada ya handaki, nywila na sekunde 30, mfumo wetu wote wa kisasa hutegemea simu ya kitochi iliyo mfukoni mwa mlinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mhasibu, wa ghorofa ya tatu."

"Mhasibu hayupo. Leo hajafika."

"Ndiyo mimi, mzee. Naomba unisaidie kuniwashia kompyuta yangu."

"Sasa unaiwasha ya nini na wewe hupo?"

Swali hilo sijawahi kulipatia jibu. Mlinzi hupanda, akishuka ngazi mara mbili kuhakikisha lango, akaiwasha, akasimama pembeni kuilinda. Mimi nikiingia kutoka Kibamba, kioo cha kule hujifunga ili mpita njia asione ninachokifanya, na mlinzi hunipigia yeye sasa, kwa fedha zake, kunijulisha kwamba mashine imejifunga yenyewe, kwamba yeye hajaigusa, na kwamba ameliandika tukio hilo kwenye kitabu cha matukio.

Isitoshe, meza tupu ofisini haikai tupu. Tunaye mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mwenye bidii, ambaye akiona kiti changu hakina mtu hukaa na kuingia kwenye kompyuta kwa jina lake. Windows ya kawaida inamkubali mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na kwa ustaarabu wake humwuliza wa mbali kama anaridhia kuondoka. Asipojibu, huhesabiwa ameridhia. Kwa mtandao wangu, swali hilo hunifikia nikiwa tayari nimekwisha kuridhia. Nilipompigia binti huyo kulalamika aliomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, akasema, "Samahani sana baba, nilidhani umeondoka."

Nyumbani nako hakuna anayeamini kwamba nipo kazini. Mama Asha huniona nimekodolea kioo cheusi muda mrefu bila kugusa chochote, na si rahisi kumshawishi mke kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. "Baba Asha, kwa kuwa umekaa tu, gesi imeisha." Nimepeleka mitungi mingi mwaka huu.

Lakini lililonivunja nguvu kabisa ni la Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, mtandao ukazorota nchini kwetu na kwa majirani. Jumatatu nilikuwa mtulivu. Niliwaambia watu kwamba hilo halinihusu, kwa kuwa sina haja na Ulaya wala Marekani. Faili langu liko Posta, nami niko Kibamba, mkoa mmoja, barabara moja, na kati yetu hakuna bahari, labda Jangwani ikijaa. Handaki halikufunguka. Kijana akanieleza, kwa upole uleule, kwamba huduma inayokagua nywila na zile tarakimu sita haiko ofisini kwetu, imekodiwa, na seva zake ziko ng'ambo. Maana yake ni kwamba ninapotaka kulifungua faili la Posta, ombi langu huondoka Kibamba, huzama baharini, huvuka bara, huulizia huko kama mimi ni mimi, kisha hurudi na jibu. Wakati huo daladala zilikuwa zinapita nje ya nyumba yangu, kondakta akiita abiria wa Posta.

Ilibidi mwenzangu mmoja ofisini alifungue faili lile kwenye seva, akipige picha kioo kwa simu na kunitumia. Picha ilifika jioni. Ilikuwa imelala ubavu, mwanga wa dirisha umefunika safu ya tarehe, na kidole gumba kiko juu ya jumla kuu.

Niliyawasilisha malalamiko yangu kwa maandishi, na uongozi, kwa kweli, umeyashughulikia. Umetoka waraka mpya unaotangaza mafunzo ya lazima kuhusu namna bora ya kufanyia kazi mbali na ofisi. Mafunzo yatafanyika ofisini, Posta, kila Jumatatu ya masika, saa mbili kamili asubuhi, na kila mtumishi afike na kompyuta mpakato yake. Nimeomba kwa heshima niyafuatilie nikiwa Kibamba. Ombi limerudi na sahihi ya idara ya TEHAMA, limekataliwa, kwa maelezo kwamba mtandao si wa kutegemewa kwa shughuli muhimu.