Jaja Hakuwa Mvumilivu Tu

Tulimzika Jaja, bibi yangu, wiki tatu zilizopita, na tangu siku ile kuna neno moja lililonikaa kooni: mvumilivu. Watu saba walipewa kipaza sauti chini ya turubai, na wote saba, kuanzia mzee wa kanisa hadi mheshimiwa aliyefika amechelewa na kuondoka kabla jeneza halijateremshwa, walilitamka. Alikuwa mama mvumilivu, mpole, aliyelea watoto wake na wa wenzake. Hakuna aliyesema uongo, isipokuwa labda katika hilo la upole. Lakini mpita njia ambaye angesimama kusikiliza asingejua kamwe kwamba anayezikwa ni mfanyabiashara aliyeuza mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, kwa zaidi ya miaka 30, na kwamba nyumba iliyotupa kivuli siku hiyo ilitokana na mukene hao.

Jaja aliolewa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi katika miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipoanza kutoa umeme na watu wakamiminika viwandani kutoka kila upande. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha majirani wa pale, na ndicho tulichokulia, ingawa yeye tulimwita Jaja na si Bibi. Babu alikuwa kiwandani. Uchumi ulipoharibika katika miaka ya 1970, mshahara wake ukawa wa kubahatisha, na Jaja akaanza kushuka ufukweni Masese na gunia tupu.

Sijaona mtu aliyewajua mukene kama yeye. Alichota konzi moja, akaiminya taratibu karibu na sikio, kwa kuwa mukene waliokauka vizuri hulia kama majani makavu, na walionyeshewa na mvua kisha wakaanikwa upya hawalii. Halafu aliwarudisha guniani na kukitazama kiganja: mchanga ukibaki, basi walianikwa chini badala ya kutandazwa juu ya nyavu, na bei lazima ishuke. Muuzaji akilalamika, Jaja hakubishana. Alikaza leso kiunoni, akaanza kuondoka, na kabla hajafika hatua ya kumi alikuwa ameitwa. Upole gani huo?

Mei 1987 serikali ilipobadilisha fedha, kila shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa kuwa kodi. Akiba ya Jaja ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mama yangu anakumbuka alivyoketi sakafuni akihesabu, kwamba kila shilingi 10,000 alizopeleka zilirudi 70. Hilo hakulivumilia. Tangu siku hiyo noti haikulala kwake zaidi ya wiki moja. Faida yote iligeuka matofali ya kuchoma, ambayo yalirundikwa kwenye kiwanja nje kidogo ya mji mpaka yakatosha nyumba. Majirani walimcheka kwa kufuga matofali.

Babu alipofariki, karatasi ya ratiba ya maziko ilitaja kila kazi aliyowahi kufanya, hata ile ya ulinzi aliyoishika miezi michache tu. Ya Jaja iliandika: mama wa nyumbani. Siwezi kumlaumu mtu, kwa sababu niliyeichapa ni mimi, usiku, nikinakili mpangilio wa karatasi nyingine, na mkono haukusita. Ndiyo maana nasema tatizo si wasemaji wale saba. Tumezoea kumkumbuka mwanamume kwa alichofanya na mwanamke kwa alichostahimili, na wasichana waliokuwa wakigawa chai pale msibani wanasikia.

Kejeli yake ni kwamba mezani kando ya turubai palikuwa na daftari, na kijana mmoja aliandika kwa makini kila aliyeleta mabugo, yaani rambirambi, na kiasi alichotoa. Jaja naye alikuwa na daftari lake. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo majina aliyafupisha kwa namna aliyoijua mwenyewe, bali tarakimu zake zilisimama wima kama askari: debe mbili, debe nusu, amelipa, bado. Nilipolifungua baada ya msiba niligundua kwamba msemaji aliyeusifu uvumilivu wake kwa muda mrefu kuliko wote anadaiwa magunia mawili tangu 2009. Huenda alijua alichokuwa akikisema.

Shangazi anataka tulichome, madeni ya marehemu yazikwe naye. Nimemjibu kwa heshima kwamba sitalitoa. Limo ndani ya sanduku langu la nguo, na mashati yangu yote sasa yananuka mukene.