Toleo la Zamani Lihifadhiwe Kabla ya Kusasisha

Asubuhi moja niliitwa na mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla karibu na mwalo wa Kirumba, kwa sababu kompyuta yake inayotumia Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ilikuwa imeacha kuchapa risiti tangu iliposasishwa usiku, na magari yalikuwa yanasubiri kupakiwa. Kujua kilichobadilika hakukunichukua muda, kwani faili la /var/log/apt/history.log huandika kila kifurushi (faili la kusakinishia programu) kilichosasishwa, toleo lake la awali na lile lililochukua nafasi yake. Lakini nilipolitafuta toleo la awali katika /var/cache/apt/archives, folda ya vifurushi vilivyopakuliwa, nilikuta patupu.

Debian husakinisha na kusasisha programu kwa chombo kiitwacho apt. Tangu apt 1.2 ya mwaka 2016, amri ya apt hufuta vifurushi ilivyopakua mara tu inapomaliza kuvisakinisha, ilhali amri ya zamani ya apt-get huviacha. Lengo ni kuokoa nafasi ya diski, nami nalielewa; hata hivyo, kwa mfanyabiashara anayetegemea bando la simu, kifurushi kilichofutwa ni fedha iliyotupwa, maana atalazimika kupakua tena kitu alichokwisha kukilipia. Kwa hiyo kila mashine ninayokabidhiwa naiwekea mpangilio wa Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages kuwa "true" ili vifurushi visifutwe, na ningependa mafundi wenzangu wa Mwanza wafanye vivyo hivyo.

Siku ile nililipata toleo la awali katika snapshot.debian.org, tovuti inayohifadhi vifurushi vya zamani vya Debian, nikalisakinisha, kisha nikalizuia lisisasishwe tena kwa amri ya apt-mark hold. Zuio hilo lisisahaulike, kwa kuwa huzuia pia marekebisho ya usalama.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni data. Debian yenyewe haiungi mkono rasmi kurudi kwenye toleo la zamani, kwa sababu hati (skripti) zinazoendeshwa wakati wa usakinishaji hutungwa kwa ajili ya kwenda mbele, na programu ikishabadilisha muundo wa mafaili yake, toleo la zamani huenda lisiweze kuyasoma. Aliyehama kutoka programu ya hifadhidata ya MySQL 5.7 kwenda 8.0, kwa mfano, hawezi kurejea kwa kubadilisha kifurushi peke yake; anahitaji nakala ya data iliyochukuliwa kabla ya kuhama, na mauzo yaliyoingizwa baada ya hapo hayamo katika nakala hiyo.

Mama yule sasa hunakili daftari lake la mauzo kwenye flashi kila Jumamosi jioni, na hakuna anayegusa kitufe cha kusasisha kabla flashi hiyo haijarudi kabatini.