Mwaka Ambao Anga Halitufungii

Kila tarehe 21 au 22 Desemba, jua hufika ncha ya safari yake ya kusini, juu ya Tropiki ya Kaprikoni, kisha huanza kurudi kaskazini. Chanzo chake ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa takriban nyuzi 23.4. Kwa wakazi wa kaskazini ya mbali, solistasi hii ni jambo la kuhisiwa mwilini: London siku hiyo haipati hata saa nane kamili za mwanga wa jua, na huko Newgrange, Ireland, watu walioishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita walijenga kaburi kubwa la mawe na kuielekeza njia yake ili miale ya jua linalochomoza katika siku hizo ipenye hadi chumba cha ndani kabisa. Naelewa kwa nini waliona mwisho na mwanzo vikikutana katika asubuhi hiyo moja.

Sisi wa Uganda tunakaa juu ya Ikweta, na mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Tofauti ipo, ila lazima uitafute: adhuhuri ya Desemba kivuli cha nguzo ya baraza hulala upande wa kaskazini, na ya Juni upande wa kusini. Tena, hapa Kampala jua huzidi kuchelewa kuchomoza hata baada ya solistasi, hadi kufikia Februari. Kwa hiyo salamu za mwisho wa mwaka zinazotuambia kwamba usiku mrefu umepita na nuru inarudi, hata zikitumwa kwa upendo, zimeazimwa kutoka anga la watu wengine. Letu halitufungii mwaka, na lisilofungwa na anga hatuna budi kulifunga wenyewe.

Mfano bora ninaoujua wa kufunga jambo uko Buganda, katika sherehe ya kuhitimisha msiba iitwayo okwabya olumbe, ambayo huweza kufanyika miezi au hata miaka baada ya mazishi. Mrithi, yaani musika, huvishwa vazi la gome la mti wa mutuba, akashikishwa mkuki, na kusimamishwa mbele ya wazee wa ukoo, ubavuni mwake akiwa dada aliyeteuliwa kuwa lubuga, yaani mwenzake wa kike katika urithi huo. Hukabidhiwa wajibu wa marehemu mbele ya watu wote, na tangu hapo watoto wa marehemu humwita baba, wakiwemo ndugu zake waliomtangulia kuzaliwa. Hilo hunigusa kila ninapolishuhudia: mtu mzima mwenye mvi anamwita mdogo wake baba, wala hakuna anayecheka, kwa kuwa mahali palipokuwa wazi pamepata wa kupasimamia.

Kwa kipimo hicho, tunavyouaga mwaka naona hatufungi kitu. Tunapiga fataki, tunaombeana heri, halafu mgogoro wa mpaka wa shamba unavuka nasi hadi Januari, vivyo hivyo deni la chama cha akiba na swali la nani atampeleka mama kliniki. Nasema hivi nikijua kwamba Desemba ndio mwezi ambao vituo vya mabasi vya Kampala hufurika, nauli hupanda, na watoto waliotawanyika hurudi vijijini wakakaa chini ya paa moja kwa siku chache. Nafasi hiyo haidumu, maana Februari shule hufunguliwa, na akili zote huhamia kwenye karo.

Ningependa basi familia zitenge jioni moja baada ya Krismasi, wazee wakiwepo na vijana wakipewa nafasi ya kusema, na kila jambo lililobaki litajwe pamoja na jina la atakayelibeba. Hati ya ardhi itatunzwa na nani? Karo ya yatima wa kaka itatoka kwa nani muhula wa kwanza? Aliyetajwa aitikie kwa sauti yake mwenyewe, hapo hapo, wengine wakisikia.