Msituletee Ndege, Tuleteeni Mtu wa Hali ya Hewa

Nilipomtumia mdogo wangu wa Lindi picha nimesimama mlangoni mwa ndege, akanijibu: "Kaka, huko kwenu hata kimbunga kina kiingilio?" Hakina. Ni bure, na nimetoka huko na wivu ambao hauhusu ndege.

Kila mwaka, kabla msimu wa vimbunga wa Atlantiki haujaanza Juni 1, Wamarekani huzungusha ndege zao za kupimia vimbunga katika miji ya pwani, watu wapande wazione. Mimi naishi Tampa, jimbo la Florida, na ndege za NOAA, shirika lao la bahari na anga, makao yake ni Lakeland, si mbali kwa gari. Nikawachukua wanangu wawili, tukapanga foleni juani.

Ndege yenyewe ni ya mapangaboi, kama zile Bombardier za nyumbani, ila hii ina injini nne. Inaitwa Kermit, jina la yule chura wa vikaragosi vya televisheni, na mwenzake ni Miss Piggy. Zote mbili zinafanya kazi hii tangu miaka ya 1970. Ubavuni zimebandikwa alama za vimbunga zilivyoviingia. Wanangu walianza kuhesabu wakachoka. Mwaka 1989, Kermit aliingia ndani ya kimbunga Hugo akiwa mita 450 hivi tu juu ya maji, akapoteza injini moja kwenye ukuta wa jicho, yaani upepo mkali unaolizunguka jicho tulivu la katikati. Waliokuwamo wakaponea katikati ya jicho penyewe, wakizunguka humo na kupanda polepole mpaka wakapata pa kutokea.

Ndani kuna bomba la kudondoshea vipimo. Kipimo ni mrija wa kama mkono mpaka kiwiko, una parachuti, na unaposhuka unapima kanieneo, joto, unyevu na upepo, ukituma habari kwenye ndege mpaka utumbukie majini. Mwanangu akauliza unarudishwaje. Haurudi. "Kwa hiyo mnatupa taka baharini?" Yule mama aliyekuwa akitueleza alicheka mpaka akashika kiti.

Wivu wangu ulianzia nje, mezani, chini ya turubai. Pale alikaa mtabiri wa hali ya hewa, kofia kichwani, na watu wakawa wanamkoromea. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini Oktoba 2024 walituambia bahari itaingia Tampa kwa ajili ya kimbunga Milton, halafu ghuba ikakupwa mpaka matope yakaonekana. Mtabiri akachora kwa kalamu: jicho lilitua kusini mwetu, Siesta Key, upepo wa upande wetu ukavuta maji kuyatoa nje. Lingepita kaskazini kidogo, yangesukumwa ndani. Akamkumbusha kimbunga Helene, wiki mbili kabla: kilipita mbali baharini, na bado maji yakaingia majumbani. Mzee hakufurahi, lakini alielewa.

Sisi nani ametuchorea?

Aprili 2019 watu wa Mtwara na Lindi waliambiwa kimbunga Kenneth anakuja. Kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua watu. Huku kwetu wakasema TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, waongo. Mwaka 2021 Jobo akafika pwani yetu akiwa amekwisha nguvu, waongo tena. Kwa hiyo Hidaya alipotangazwa, na mapema kabisa, mama yangu alisema, "Hao si ndio wale wa Jobo?" Mei 4, 2024 kikapiga Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga. Utabiri ulikuwepo. Boti za Zanzibar zilisimamishwa kwa sababu yake. Ila kwa mama utabiri ni sauti ya redio isiyo na uso, na sauti hiyo haijawahi kurudi kumweleza kwa nini Kenneth alitua ng'ambo.

Wala mama si mjinga wa bahari. Bibi alikiona cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi, na kwetu mambo bado yanahesabiwa kabla na baada ya upepo ule.

Ndege hatuna, na sidai tununue. Upande wetu wa Bahari ya Hindi vimbunga vinakadiriwa zaidi kwa picha za satelaiti, kituo cha kanda kikiwa Réunion. Sawa. Lakini meza, turubai na kalamu vinahitaji bajeti gani? Kabla ya masika, mtu wa TMA akae asubuhi moja soko la samaki Lindi, aulizwe na manahodha, atukanwe kidogo, ajibu.

Na msidhani huku kumenyooka. Siku ya Milton bosi wangu alikuwa bado anauliza nani ataingia zamu. Foleni ya petroli ilikuwa ya saa nyingi, na amri ya kuhama haikupi pa kwenda wala hela ya hoteli. Baba mmoja Mkongo, jirani, simu ilimlilia usiku kwa Kiingereza na Kihispania asijue inasema nini. Tulimtafsiria kwenye kundi la WhatsApp. Lindi angegongewa mlango na watu watano kabla hajaamka.

Jioni nilimpigia mama, nikamwonyesha picha. Ndege hakuijali.

"Huyu mwenye kofia ndiye anayesemaga mvua?"

"Ndiye, mama."

"Na mlimuuliza mbona safari ile maji hayakuja?"

"Tulimuuliza."

"Akasemaje?"

Nikaanza kumweleza upepo unavyozunguka jicho. Alinisimamisha mara mbili nirudie, na tulipofika Siesta Key bando lake likakata.