Unamwagilia jua

Januari mwaka juzi nilikuwa naamka alfajiri kubeba madumu. Manne asubuhi, manne jioni, lita 160 kwa siku, kwa matuta sita tu yaliyoko nyuma ya nyumba, huku Mikanjuni, Tanga. Nilipanda chainizi, mchicha, hoho na nyanya nilizozionea fahari kuliko zilivyostahili. Ikifika saa sita mchana, chainizi imelala chini kama nguo iliyoanguka kambani. Bibi jirani yetu alikuwa akinitazama juu ya ua wa makuti siku zote hizo bila kusema neno. Siku moja nilipomwamkia akaniitikia: "Marahaba, mjukuu wangu. Ila wewe humwagilii mboga. Unamwagilia jua."

Nilinuna kidogo. Kisha nikaenda kuchokonoa tuta nililolimwagia asubuhi ile. Juu pakavu kama majivu. Chini yake, kina cha pingili ya kidole, pakavu vilevile.

Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wa kilimo cha uani hawaupendi: bustani nyingi za hapa mjini hazifi kwa uchache wa maji. Zinakufa kwa sababu udongo tumeuacha uchi. Tanga si Dodoma. Hapa inanyesha zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kilichovurugika ni mpangilio. Wazee walikuwa na masika yao kuanzia Machi, mchoo, mvua ndogo za kuburudisha katikati ya mwaka, na vuli ikiingia Oktoba. Sasa angalia: vuli ya 2022 ilikuwa kame hadi Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam wakawa wanapata maji kwa zamu. Vuli iliyofuata, 2023, ikaja na El Nino, mvua zikaunga mpaka masika ya 2024. Ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo, siku hizi nadhani walisemwa mawingu.

Ukiomba ushauri, utaambiwa ununue kitu. Mpira wa matone, tenki, mbegu chotara. Sina ugomvi na mpira wa matone; mwenye ekari Muheza na kisima chake, anunue. Lakini mtu wa matuta sita ambaye bomba lake linatoa maji siku mbili kwa wiki, mpira huo utadondosha nini?

Alichonionyesha bibi hakikuwa na bei. Kwanza tulishusha matuta. Tuta la kuinuka linafaa masika, maji yapate pa kutokea. Wakati wa kaskazi, upepo wa kiangazi, linakaushwa juu na ubavuni. Tukachimba kwenda chini kiasi cha shubiri na nusu, tukapanga makumbi ya nazi yakiwa yametazama juu kama vikombe, juu yake samadi na udongo. Makumbi tuliyaloweka kwanza kwenye pipa siku kadhaa na kumwaga yale maji mekundu, maana yana chumvi. Kumbi likishiba maji huyaachia taratibu, na mizizi inayafuata.

Juu ya udongo tukatandaza nyasi kavu. Hapa nilikosea: niliziweka nene hadi kugusa mashina, mchwa wakaja kula nyasi na shina pamoja. Sasa naacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila mche. Upande wa magharibi nikasimamisha makuti machache, yasiyobanana, ya kuzuia jua la alasiri. Upande unakotokea upepo wa kaskazi nikapanda kisamvu mpira, ambacho kinakinga upepo na chenyewe ni mboga. Madumu manane yakawa matatu, tena ya jioni tu.

Nyanya zinahitaji aya yake kwa sababu zilinilia pesa. Zilikuwa zinaoza kitako, doa jeusi limebonyea chini ya tunda. Nikakimbilia duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu, nikapuliza, zikaendelea kuoza. Kumbe haukuwa ukungu. Tofauti na mboga nyingine, nyanya nilikuwa naziacha siku mbili na kiu, siku ya tatu nazigharikisha, na maji yakienda kwa kushtukiza hivyo madini ya kalisi hayafiki kwenye tunda vya kutosha. Kumwagia kidogo kila jioni kulifanya kile ambacho chupa ile haikukifanya. Aliyeniuzia hakuniuliza hata swali moja kuhusu maji.

Na tuseme ukweli kuhusu chainizi. Ni mboga ya baridi, na tunailazimisha Januari kwa sababu inapendeza sahanini, huku matembele yanayostahimili jua letu tukiyaona mboga ya shida. Nimeona mwenyeji akiomba radhi kwa mgeni kwa kumpikia matembele, tena ya nazi! Mchicha nao ukipata kiu hukimbilia kutoa maua, majani yakabaki madogo na magumu, kwa hiyo simwagi mbegu zote siku moja. Nasia kiganja kimoja kila baada ya siku kumi. Mvua ikinidanganya, imenidanganya kiganja kimoja.

Nilidhani nimemaliza masomo. Masika yakaingia, matuta yangu ya kuzama yakawa madimbwi. Vyura waliimba usiku kucha, bamia zikawa za manjano, zikafa zikiwa na maji hadi shingoni. Nilimwendea bibi na lawama. Akacheka mpaka akashika ubavu: "Sasa nani alikwambia uyazamishe yote?"

Kwa hiyo sasa matatu yako chini, matatu yako juu. Kila msimu kuna nusu inayonitia aibu, na jirani wa upande wa pili ananiuliza kwa nini nisichague moja. Ningechagua, kama mvua nayo ingechagua. Bibi huyaita matuta yangu wake wenza: mmoja akisusa, mwenzake anaingia jikoni.

Wiki hii wanapika wa chini.