Nendeni Chetambe asubuhi, Mumias jioni

Kila Desemba sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunaoishi Nakuru tunajazana kwenye matatu kwenda nyumbani. Tukifika tunachinja kuku, tunakaa chini ya mwembe siku kumi tukiulizana bei ya mahindi, halafu tunarudi. Watoto wetu Menengai wameipanda, vifaru wa Ziwa Nakuru wamewaona, na wamesimuliwa jinsi ziwa lilivyofura hadi likameza lango la zamani la mbuga. Lakini muulize binti yangu wa gredi ya sita kuna nini kwao Webuye. Atakujibu: kuna kukhu, yaani nyanya yake, na kuna matope.

Desemba iliyopita jibu hilo liliniuma. Niliazima gari la shemeji, nikampakia binti, kaka yake, na khotsa wangu, yaani mjomba, ambaye alikuja kwa sharti kwamba chakula cha mchana nitalipa mimi. Safari yenyewe ilikuwa rahisi: kufuata Nzoia. Mto huu una urefu wa kilomita zipatazo 257. Unaanzia huko milima ya Cherangani, unachangiwa na maji ya Mlima Elgon, unapita Webuye na Mumias, na unamwaga ziwani Victoria karibu na Port Victoria. Kwa siku moja huwezi kuumaliza. Sisi tuliuonja katikati, kisha siku nyingine mwishoni.

Tulianza na maporomoko. Wazungu waliyaita Broderick, na mji wa Webuye wenyewe ukabeba jina hilo miaka mingi. Wenyeji wanasema Nabuyole. Usitegemee maji yanayoanguka kutoka mbinguni kama kwenye kalenda. Hapa mto mpana unagongana na miamba, unagawanyika, unapiga kelele, unatoa povu, unajikusanya tena. Vijana wanavua samaki kwenye vidimbwi, mwingine anaosha pikipiki, na wapendanao wamejibanza kwenye jiwe lao wakijifanya hawatuoni. Desemba maji huwa yamepungua, kwa hiyo unaweza kukaa juu ya mwamba na kutumbukiza miguu. Mwezi wa Aprili au Mei usithubutu. Hakuna uzio, na mwamba wenye ukungu unateleza kama sabuni.

Hapo nimesikia ahadi nyingi. Kila msimu wa kampeni anatokea mtu na picha ya hoteli, daraja la vioo, na kamba ya kuning'inia juu ya mto. Sina ugomvi na hoteli. Ila tulipohitaji choo siku hiyo, binti yangu aliongozwa na mama mmoja mwenye kibanda cha mahindi choma hadi nyumbani kwake, na yule mama akakataa senti zetu. Kama kuna shilingi ya kwanza ya utalii pale Nabuyole, ianzie kwenye choo, na huyo mama apewe ufunguo.

Kutoka hapo tukapanda mlima wa Chetambe. Gari unaliacha, unapanda kwa miguu, na khotsa alilalamika njia nzima. Juu unaiona Webuye yote: reli ya kwenda Uganda, majengo ya kiwanda cha karatasi, mashamba ya miwa, na mstari wa miti unaokuonyesha mto unakopita. Ni mandhari ya kupiga picha, na wanangu walipiga nyingi. Mimi nilitaka wajue wamekanyaga nini.

Mwaka 1895 watu walijificha hapa na kufia hapa. Chanzo kilikuwa bunduki. Askari wa Kinubi walitoroka jeshi la Waingereza, na bunduki zikaishia mikononi mwa Wabukusu. C. W. Hobley, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza pale Mumias, alitaka zirudishwe. Kikosi kilichotumwa kuzichukua kiliuawa. Ndipo likaja jeshi la kulipiza kisasi: Wanubi, Waganda, na wapiganaji wengine wa kiafrika, wakiwemo Wawanga wa Nabongo, yaani mfalme, Mumia. Mapigano ya kwanza yalikuwa Lumboka, ya mwisho yakawa hapa mlimani, ndani ya boma la udongo lenye handaki. Mikuki dhidi ya risasi. Waliobaki wakachukuliwa mateka, na ng'ombe wakaswagwa. Wabukusu wanaikumbuka vita hii kuwa yao, na Watachoni wanakwambia mlima ni wao na Chetambe alikuwa mtu wao. Miaka ya 1940 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, dhehebu la kienyeji lililopinga ukoloni, mtu aliyewahi kuchezea Kenya mpira kabla ya kuwa nabii, alileta wafuasi wake hapa kuwakumbuka waliokufa. Serikali ya kikoloni haikufurahi.

Baba yangu ni Mbukusu. Hadithi hii niliinyonya kwake, na katika usimulizi wake Wawanga hawana hata tone la wema. Tatizo ni kwamba mama yangu anatoka kwa Wawanga. Khotsa aliyekuwa anahema pembeni yangu, akifuta jasho kwa kofia, ni ndugu yake.

"Sasa niambie," alisema akishuka, "nyinyi bunduki za watu mlizitaka za nini?"

Mchana tulikula Bungoma, kuku na ugali wa wimbi, nikalipa kama tulivyokubaliana. Kisha tukateremka kuelekea Mumias, tukavuka Nzoia tena darajani, na mwenye hadithi akabadilika. Sasa alikuwa khotsa.

Na ana mengi ya kusema. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipokuja kutafuta pembe za ndovu, mahali hapa palikuwa kituo chao. Walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Mumia. Mumia alirithi kiti mwaka 1882, na mwaka uliofuata akafika msafiri kutoka Uskoti, Joseph Thomson. Mwaka 1885 akapita Askofu Hannington akielekea Uganda, akauawa Busoga. Mifupa yake ilihifadhiwa huku Mumias kabla ya kwenda kuzikwa Namirembe, Kampala. Waswahili waliacha misikiti na waliacha lugha. Ukitaka kujua kwa nini mji mdogo katikati ya miwa una adhana ya zamani kuliko miji mingi ya bara, jibu ni misafara ile. Mtu anayesoma makala haya kwa Kiswahili na hajawahi kufika Mumias ana deni.

Kisha likaja suala la Waingereza. Mumia aliona majirani wana nguvu, akaona wageni wana bunduki, akachagua. Mumias ikawa makao ya utawala wao. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu, na ndugu zake wakapelekwa kutawala watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wanga. Kwa mfano Murunga alipewa Kimilili, na watu wa kule hawajasahau. Alifariki Mumia mwaka 1949. Pale Matungu, kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo, wafalme wa Wanga wamelala, na mbele ya makaburi yale khotsa alivua kofia aliyofutia jasho asubuhi, akanyamaza. Kwake yeye Mumia aliokoa watu wake kwa akili. Kwa baba yangu Mumia aliuza wengine.

Basi haya ndiyo maoni yangu. Wanaopanga utalii wa magharibi wanataka vitu vitamu. Mkutanoni utasikia neno "urithi" mara arobaini na neno "1895" hata mara moja hulisikii. Chetambe inatajwa kama kilima cha matembezi, Matungu kama mahali pa ngoma na mavazi. Kila kaunti inatangaza kipande chake cha mto kana kwamba mto unaanzia na kuishia kwenye mpaka wake. Matokeo yake mgeni anaona maji, anaona kaburi, na hajui kwamba lile boma la huku juu na hili kaburi la kule chini ni sura mbili za vita moja. Ukivitenganisha, kila kimoja kinabaki kuwa kitu cha kutazama dakika kumi. Ukiviunganisha kwa siku moja, watoto hawatalala usiku kwa kubishana.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi katika mambo haya aliniambia hatari iko wazi: mtachochea chuki za kikabila. Nimelifikiria hilo kwa uzito, maana nchi yetu naijua, na Nakuru ya ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, niliiona kwa macho yangu. Lakini chuki ya 2008 haikutokana na watu kusimuliana historia mbele ya wageni kwa tiketi. Ilitokana na mambo yaliyosemwa gizani. Nyumbani kwetu vita vya Chetambe vimepiganwa mezani kila Krismasi tangu nizaliwe, na hakuna aliyewahi kuondoka bila kula.

Ninachotaka si kikubwa. Mtu mmoja Chetambe na mtu mmoja Matungu, wote wawili wa pale pale, walipwe mshahara badala ya kuvizia wageni. Mahali fulani njiani kijana alitudai mia mbili za "kiingilio" bila risiti na bila neno hata moja la maelezo, nami nilimpa kwa hasira. Ningempa mia tano kwa furaha angetusimulia nusu saa. Na wapelekwe kwanza wasikilizane: msimulizi wa Matungu apande mlima, wa Chetambe ateremke kaburini.

Anayedhani wenyeji hawalipii burudani yao aende Khayega, kule Kakamega, Jumamosi ya vita vya fahali. Pale hakuna mtalii wa kutoka ng'ambo anayesubiriwa. Kuna ngoma za isikuti zinazovuma tangu alfajiri, fahali wenye majina makubwa kuliko ya wabunge, na umati unaokimbia huku na huko wakati fahali ameshindwa na anatafuta pa kupita.

Siku ya tatu tulienda Budalang'i, kule mto unakoishia. Nilisita, kwa sababu jina hilo tunalisikia redioni tu, wakati wa masika, tuta linapopasuka na watu kuhamia shuleni. Kwenye daraja la Rwambwa tulisimama. Nzoia pale umechoka, mpana, rangi ya chai ya maziwa, udongo wote wa Webuye na Mumias umo ndani. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alituonyesha kwa kidole mahali nyumba yake ya kwanza ilipokuwa, na ya pili. Watoto hawakupiga picha.

Usiku huo, nyumbani, binti alimweleza kukhu yake yote aliyoyasikia, ya khotsa na ya babu, na kumuuliza ni nani mkweli. Mama yangu alikuwa anachambua mboga. Akasema mapambano yale bado hajayamaliza kuyahesabu, na akamtuma amletee sufuria. Mpaka tunarudi Nakuru alikuwa hajajibu, na binti ameshaniuliza tutarudi lini.