Dawa ya Mgongo, Manjano na Ukuta wa Utumbo

Fundi magari wa Ngamiani, hapa Tanga, akishikwa na mgongo huingia duka la dawa, akameza diklofenaki na kipande cha andazi, akarudi chini ya gari. Muuza viungo wa jirani naye ananadi manjano kwamba "yanatibu utumbo". Dawa hiyo na manjano hayo sifa yao ni moja: kutuliza mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto na maumivu. Tatizo ni kwamba tumboni vitu hivi haviendi njia moja.

Ukuta wa utumbo ni safu moja tu ya seli, zilizoshikana kwa mishono ya protini na kufunikwa na ute. Seli hizo hubadilishwa kila siku 3 hadi 5. Mchochota ukizidi, kemikali ya kinga iitwayo TNF hulegeza ile mishono, mabaki ya bakteria yakapenya, na kinga ikazidi kuwaka. Hivyo wanaosema "tuliza mchochota, ukuta utapona" hawakukosea: infliksimabu, dawa inayoikamata TNF, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, yaani mchochota sugu wa utumbo, na baadhi ya wagonjwa vidonda vyao vya utumbo hufunga.

Diklofenaki ni habari nyingine. Inapunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea mchochota na maumivu, na prostaglandini zinazouma mgongoni ni ndugu wa zile zinazolinda ute wa tumbo. Mgongo unapoa, tumbo linachubuka. Sisemi itupwe, maana mwenye maumivu makali anaihitaji. Ila kumezwa kila siku kama peremende, hapana.

Na manjano? Kwenye maabara, kurukumini, kiini chake cha rangi ya njano, huimarisha mishono ya seli. Wapinzani husema haifiki kwenye damu ila kidogo sana. Watetezi hujibu kwamba utumbo hauhitaji kusubiri damu, kwani chakula chenyewe kinapita hapo. Jibu hilo nalikubali. Lakini unga wa manjano una kurukumini kama sehemu 3 tu kwa 100, na kijiko kimoja kinagawanywa kwenye mchuzi wa nyumba nzima!

Mimi naegemea butireti, isiyonadiwa na mtu. Bakteria wa utumbo mpana huitengeneza kutokana na nyuzi za kunde, makande na dona. Hata ugali wa kiporo, kwa kuwa ukipoa sehemu ya wanga wake haimeng'enywi kirahisi, ikawafikia bakteria hao. Seli za huko huitumia kama nishati yao kuu, na mchochota hupungua. Hata hivyo, mwenye utumbo uliokwisha kuchubuka anaweza kulishwa maharage akakesha kwa gesi na msokoto, na daktari wake akampunguzia nyuzi kwa muda.

Fundi wetu yeye bado ni sembe na diklofenaki. Siku akiona choo cheusi kama lami, asipitie kwa muuza manjano; hiyo huenda ni damu, na hospitali aende siku hiyohiyo.